Jogoo Aliyekataliwa Kiomboi

Tangazo la mafunzo lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji pale Ulemo, baada ya habari za mbolea na kabla ya habari za vyoo. Mtendaji alisema serikali imetoa ruzuku kwa ajili ya vijana waliomaliza shule na hawana kazi. Watafundishwa Kiomboi mambo ya kuanzia: kushika zana, kupima, kujikinga wasiumie, kufika kazini kwa wakati. Wakimaliza hayo watapelekwa kwenye karakana, kila mmoja kwa fundi wake, wawe wanagenzi. Mafunzo bure. Chakula cha mchana bure. Ovaroli bure.

Kila aliposema bure, watu waligeukiana.

Baba mdogo alikuwa ameketi benchi la mbele yangu. Akanyoosha mkono.

"Mtendaji, samahani. Hapo kwenye bure, hebu rudia."

Watu wakacheka. Mtendaji akarudia.

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wake kijana anakuwa na ufundi."

"Siulizi mwisho wa kijana. Nauliza mwisho wa hiyo bure."

Hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Kijijini kwetu walishakuja watu wa kware. Walisema mayai ya ndege wale yanatibu kila kitu, na kwamba wao wenyewe watakuja kuyanunua mlangoni. Mama akajenga kibanda cha wavu. Kware wakataga, watu hawakuja. Tuliyala yale mayai mpaka tukayachoka, na kibanda kikawa cha kuhifadhia masufuria. Baadaye wakaja wengine, wakachukua majina na alama za vidole, wakaahidi kurudi na mbegu. Mpaka leo ukitaka mtu wa kwetu akufiche jina lake, mwambie umemletea msaada.

Lakini mimi nilitaka kwenda. Kijijini kuna mashine ya kukamua alizeti, mali ya mfanyabiashara mmoja, na tangu nimalize darasa la saba nimekuwa nikibeba magunia pale na kuzoa mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua. Msimu wa mavuno ndipo mashine inapoharibika. Watu wanalala na magunia yao nje, mwenye mashine anampigia fundi wa Singida mjini, na fundi anajibu yuko njiani huku nyuma yake unasikia mke wake akigombeza watoto. Akifika, anatufukuza tukae mbali, kisha anaigeuzia mashine uso na sisi anatugeuzia mgongo. Tukisogea, anaacha kazi mpaka turudi tulikokuwa. Nimeutazama ule mgongo misimu mitatu. Nilitaka kujua mbele yake kunafanyika nini.

Nikapeleka jina langu kwa mtendaji asubuhi yake, nikamwambia mama baada ya kurudi.

Jioni hiyo baba mdogo alikuja kula kwetu. Tangu baba afariki, mambo yangu makubwa yanapita kwake, na mimi nyumbani nimezoea kusemewa. Nilikaa karibu na mlango nikawasikiliza.

"Shemeji," alimwambia mama, "utamtoa mtoto kwa mtu usiyemjua?"

"Anakwenda Kiomboi, haendi Kongo."

"Kongo ningeelewa. Ningesema amefuata dhahabu. Kiomboi anafuata nini, na kwa nani?"

"Anafuata ufundi."

"Shemeji, hela ya serikali ikishuka inataka majina. Inasema, nipeni majina ya vijana. Wakishapata jina la huyu, yeye mwenyewe hawana shida naye tena. Jina litakula ugali wa mchana, jina litavaa ovaroli. Yeye atarudi hapa na suruali yake ileile."

Mama alicheka kidogo, lakini nilimwona ameingiwa na wasiwasi. Alizungusha mwiko kwenye mlenda kwa muda, halafu akasema, "Tutakwenda na jogoo."

Baba mdogo akaacha kutafuna.

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani jogoo ni malipo. Kwetu mtoto hapelekwi kwa fundi mikono mitupu. Mzazi anakwenda na jogoo, fundi anamchinja, wanakula sinia moja. Kama kuna ada, ada ni habari nyingine. Kule kula kunafungua njia mbili. Mtoto akipigwa au akishinda na njaa, mzazi anaweza kuingia kwa fundi bila kubisha hodi mara nyingi. Mtoto akiharibu au akitoroka, fundi naye anajua mlango wa kugonga. Kaka yangu alikabidhiwa hivyo kwa fundi baiskeli wa Kinampanda. Alipotoroka kwa kuogopa, baada ya kuvunja kitu cha mteja, fundi alikuja nyumbani, hakufoka. Aliketi tu, akasema, "Nimekuja kwa sababu tulikula." Mama alimrudisha kaka siku ileile.

"Kama ni watu wa kweli, watakula," mama alisema. "Kama wana lao, hawatathubutu."

"Hapo umesema," akajibu baba mdogo, na kwa mara ya kwanza jioni ile akanitazama mimi. "Kesho ukamshike yule mwekundu. Mweupe amekonda, watadhani tunawadharau."

Tulikwenda Kiomboi siku iliyopangwa wazazi kufika na vijana wao. Mafunzo yanafanyikia kwenye jengo refu la bati lenye madawati na meza moja ndefu ya zana. Mratibu alikuwa dada wa Singida mjini, wa familia ya wafanyabiashara, amevaa hijabu ya kijani, anazungumza haraka kama watu wa dukani. Aliwaamkia wakubwa wangu vizuri, shikamoo mama, shikamoo baba, akainama kidogo. Mama akaitikia marahaba kwa furaha. Nikaona mambo yameanza vyema.

Ndipo mama akafungua kikapu akamtoa jogoo, miguu imefungwa, akamnyanyua kwa mikono miwili.

Yule dada akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, huyu wa nini?"

"Wa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Huyu hapa."

"Mama yangu, nafasi hapa haziuzwi."

"Nani ameuliza bei?"

"Naomba umrudishe kwenye kikapu. Watu wasije wakaona."

Baba mdogo alikuwa ametulia mpaka hapo. Hayo maneno yakamwamsha.

"Wasione nini, dada? Kwani kuna cha kuficha?"

"Hakuna, baba."

"Kuku wanakudhuru?"

"Kuku nakula. Huyu siwezi."

"Huyu ana nini? Tumemlisha wenyewe, hajawahi kuugua."

Wazazi wengine walikuwa wamekaa kwenye madawati, na sasa wote walikuwa kimya. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa akilalamika. Dada akashusha sauti.

"Baba, nikimpokea, kesho mtasema nimewauzia nafasi."

"Na usipompokea, kesho kijana akipotea nitamuuliza nani?"

"Utaiuliza ofisi."

"Ofisi ina mdomo?"

Mzazi mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Dada akageuka akamtazama, kisha akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani kati yetu aliyepanga jambo lile. Akasema jina langu analiweka pembeni kwanza mpaka aelewe, na kwamba mafunzo yanaanza Jumatatu.

"Umeelewa, shemeji?" baba mdogo akamwambia mama kwa Kinyiramba chetu, bila kupunguza sauti. "Mtu asiyetaka kula na wewe anataka kitu kingine. Twende."

Tukaondoka. Nilitamani kusema neno lakini sikujua nilielekeze kwa nani. Mama na mimi tulipanda bodaboda moja, kikapu katikati yetu. Tulipoingia Ulemo jogoo akawika kwa nguvu zake zote, watu wakatoka kwenye vibanda kutazama. Wote walituona tulipoondoka naye asubuhi. Haikuhitaji maelezo.

"Hata kuku wamekataa!" akapaza sauti muuza vocha. "Basi hao wanakula watu!"

Alikuwa anatania, lakini kufikia jioni utani ule ulikuwa umezunguka. Jirani mmoja ambaye binti yake alishakubaliwa kwenye ushonaji alikuja kumuuliza mama kwa kunong'ona kama ni kweli mratibu alimkimbia jogoo. Mama alisema hakukimbia, alirudi nyuma hatua moja. Jirani akaona ni yaleyale. Akamzuia binti yake.

Jambo hilo liliniuma kuliko jina langu kuwekwa pembeni. Yule binti alikuwa ameshanunua mkasi.

Alhamisi niliazima baiskeli, nikamwambia mama nakwenda Kiomboi. Hakunikataza wala hakuniruhusu. Aliniambia nisipite njia ya bondeni. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika, yote yalikuwa yamenitoka.

Dada alikuwa peke yake, anakunywa chai na chapati. Alinitambua.

"Umetumwa?"

"Hapana."

"Umebeba nini humo?"

Nilikuwa na kifurushi cha rambo mkononi. "Shati," nikasema. "Nililovaa limelowa jasho, nimebadilisha hapo nje."

Aliendelea kukitazama kile kifurushi. Nikakifungua, nikalikunjua shati mbele yake. Lilikuwa linanuka. Akasema nilirudishe, kisha akanisogezea kiti.

Alizungumza yeye zaidi. Alisema kabla yake alikuwepo mratibu mwingine ambaye aliondolewa baada ya watu kusema nafasi zinauzwa. Yeye hakujua kama ni kweli. Alijua tu kwamba fedha zile ni za serikali, na kwamba wakati wowote watakuja watu wa kukagua. Watamwita kila kijana kando na kumuuliza kama kuna aliyechukua chochote. Mkataba wake ulikuwa mfupi. Kijana mmoja akitaja jogoo, basi.

"Nilimtazama mama yako usiku kucha kichwani mwangu," alisema. "Sijui alikuwa na nia njema au alitumwa anijaribu."

Sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu anaweza kumtia mtu hofu.

"Si wa kununua nafasi," nikasema. "Ni wa kunikabidhi."

"Kukukabidhi kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Lakini mimi si fundi."

Nilikuwa nimelisema bila kulifikiria, na sasa nililiona. Sisi tulizoea kwamba unayemkuta mlangoni siku ya kwanza ndiye atakayekaa na mtoto. Mpango ule umeweka ofisi mbele na fundi nyuma, na sisi tukaipa ofisi jogoo wa fundi.

"Tulimleta kwa mtu asiye wake," nikamwambia.

"Na fundi akila, nitakayeulizwa ni mimi."

"Kama ni mchana? Watu wakiona?"

Alimaliza chai, akafunga mlango wa ofisi, akaujaribu kwa mkono mara mbili, akaniambia nimfuate.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko. Fundi alikuwa mtu mzima, mnene, amechuchumaa kwenye mashine ya alizeti iliyofunguliwa tumbo. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka. Dada akamweleza habari yote, jogoo, kikapu, baba mdogo na maswali yake. Fundi akasimama taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa grisi.

"Dada," akasema, "nilishakwambia sitaki wengine."

Hilo dada hakuwa ameniambia. Aliangalia chini.

"Awamu ile uliniletea wawili," fundi akaendelea. "Wana makaratasi mazuri, yana mihuri. Mmoja akaondoka na spana zangu za ringi, seti nzima. Nikakuuliza, kwao wapi? Ukanipa namba ya simu. Napiga, haipatikani. Nikajiuliza, mtu huyu ana namba tu? Hana mama?"

"Nilikuandikia barua ya kuomba radhi, fundi."

"Barua ninayo. Spana sina."

Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anakaa wapi?"

"Ulemo. Nyumba ya tatu ukipita mashine ya kukamua."

"Ile mashine mbovu? Naijua. Baba?"

"Baba mdogo."

"Mkali?"

"Anauliza sana."

"Aje aulize hapa," akasema fundi. "Na huyo jogoo aje naye. Bila hivyo, sichukui mtu."

Dada akatoka nje kumpigia mkubwa wake. Tulimsikia kupitia bati. "Ndiyo, mkuu. Jogoo... Hapana mkuu, mmoja tu... Hapana, mimi sili." Alirudi uso umechoka. Mkuu wake alikubali kwa masharti. Jina langu lirudishwe kwanza ndipo jogoo aliwe, ili asiwepo wa kusema moja limezaa lingine. Ifanyike mchana, mlango wazi. Yeye awepo aone. Na asiguse.

Kumshawishi baba mdogo haikuwa rahisi. Alitaka kujua kwa nini walikataa Jumanne na sasa wanamtaka jogoo Jumamosi. "Mtu aliyekataa akarudi," alisema, "amekwenda kushauriana na nani?" Lakini nilipomweleza habari ya spana, akapoa. Fundi aliyeibiwa alimwelewa. Nadhani alijisikia kwamba kuna mtu mwingine upande wake.

Jumamosi mama na mke wa fundi walipika uani kwa fundi, nyuma ya karakana. Baba mdogo hakukaa. Alizunguka. Aliuliza mashine ni za nani, geti linafungwa saa ngapi na linafungwa kwa ndani au kwa nje. Aliuliza vijana wanakunywa maji ya wapi. Aliingia chooni, akatoka, akatikisa kichwa kwa kuridhika kidogo.

"Umekuja kununua karakana?" fundi akamuuliza.

"Nimekuja kuona mwanangu atatokea wapi akitaka kukimbia."

"Pale kwenye tundu la ukuta. Wote wanapitia pale."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akimchunguza mwenzake.

Tulikula kwenye sinia moja chini ya bati. Fundi alichukua paja, akamsukumia mama kidari. Kabla hajala alitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nati, kwamba amenipokea, kwamba nikikosea atakuja Ulemo, na yeye akinikosea waje wao. Baba mdogo akajibu kwamba wamesikia. Ni hayo tu.

Dada alisimama getini muda wote, jua la saa saba likimpiga. Mama akamwonea huruma, akampelekea maji kwenye kikombe. Dada akakitazama kile kikombe, akameza mate, akasema asante mama, hapana. Mama alirudi nacho kimejaa vilevile.

"Masikini," alisema kwa Kinyiramba. "Wamemtisha. Anawaogopa wa kwao kama sisi tunavyomwogopa yeye."

Akamrudia, akamwambia basi akae kivulini, kivuli si cha mtu. Dada akakaa.

Yule jirani wa Ulemo aliposikia kwamba fundi amekula, alimleta binti yake Jumatatu, amechelewa saa nzima, na mkasi wake. Dada alimkaripia kwa kuchelewa, akamwingiza.

Mafunzo ya mwanzo yalikuwa ya mezani. Tulijifunza kusoma futi kamba mpaka kwenye vijistari vidogo, kushika msumeno wa chuma bila kuukunja, kuzima umeme kabla ya kuingiza mkono. Mimi huandika polepole, na mwalimu alipofuta ubao sikuwa nimefika katikati, basi nilikariri. Kisha nikaenda karakana. Fundi hakuwa mtu wa kueleza. Akifanya jambo alisogea upande mmoja, nikapata nafasi ya kichwa changu kando ya chake, nikaona.

Baba mdogo alikuja bila taarifa. Alikuja siku ya soko, akaja siku isiyo ya soko. Wakati mwingine nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara nyuma ya kibanda cha chipsi, anatutazama, anadhani hatumwoni. Mwishowe fundi akachoka.

"Mwite yule baba yako aje ashike mkanda huu wa mashine. Kama ni kukodoa macho, akodoe akiwa na kazi."

Tangu hapo, akija, anashika mkanda.

Watu wa kukagua walifika siku kama hiyo. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na gari lenye vumbi jingi. Dada mratibu alikuwa nao, amenyooka kama mtoto wa shule kwenye mstari. Sisi tulikuwa tunabadilisha beringi ya shafti ya mashine. Beringi mpya ilikuwa kwenye sufuria ya mafuta machakavu juu ya mkaa, inachemka ili itanuke iingie. Kazi hiyo haingoji. Ikitoka kwenye mafuta una muda mfupi tu, ikipoa katikati ya shafti inakamata palepale na huitoi bila kuiharibu.

Mkaguzi mwanamume akatazama huku na huku.

"Huyu mzee naye ni mwanagenzi?"

"Ni baba yake mdogo," fundi akasema.

"Anafanya nini hapa?"

"Anakagua," akajibu fundi.

"Anakagua nini?"

Baba mdogo akajibu mwenyewe. "Nakagua kama yupo. Na ninyi?"

Mkaguzi akamgeukia. "Na sisi hivyo hivyo, mzee. Kwingine tulikopita tumekuta majina. Watu hatukuwakuta."

"Nilisema!" baba mdogo akapiga paja lake, akamtazama dada, akanitazama mimi. "Nilisema mimi! Wakaniona mbaya!"

Mkaguzi mwanamke akaniita kando, hatua chache tu, wote wakitusikia. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyepokea kitu ili mimi niwe pale. Baba mdogo akaanza kujibu. Mkaguzi akanyoosha kiganja bila kumtazama. "Namuuliza yeye."

Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli. Dada alikuwa ananitazama, na nilijua anaomba niseme hapana tu, basi. Lakini karakana nzima ilijua habari ya jogoo, soko lote lilijua. Wangeisikia kwa mwingine saa hiyo hiyo, na hapana yangu ingegeuka kuwa uongo, na wa kwanza kuondoka angekuwa dada, wa pili mimi.

"Mama alileta jogoo," nikasema.

Mafuta yalikuwa yanatokota.

"Alimpa dada, dada akamkataa, akaliweka jina langu pembeni. Jina liliporudi, mama akampa fundi. Fundi alimchinja, tukala hapa. Mchana. Dada alikaa pale getini. Hakula."

"Hakula kabisa?"

"Hata maji hakunywa."

"Kwa nini fundi apewe jogoo?"

Fundi akanijibia, amekunja mikono. "Ili kijana awe na mama, mkubwa. Wale mlionipa bila mama, mmoja aliondoka na spana zangu."

Mkaguzi mwanamke alimtazama dada muda mrefu. Dada alikuwa hapepesi macho. Kisha mkaguzi akaandika. Aliandika kwa haraka, mistari mingi, na kutoka tulikosimama hatukuweza kuona ni nini. Akauliza jina langu kamili, akanitazama usoni, akasema, "Huyu yupo," akageuza ukurasa. Walipokuwa wakielekea kwenye gari nilimsikia akimwambia dada wataonana mwezi ujao, afike na taarifa zake. Dada akaitikia, na alipopita karibu yangu akanong'ona, "Ungesema hapana tu, wewe." Lakini alikuwa anapumua.

"Ameandika nini?" baba mdogo akauliza.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Hapana."

"Mtu anakuandika mbele ya macho yako na wewe humuulizi!"

"Beringi!" fundi akapiga kelele.

Nikachukua koleo, nikaitoa kwenye mafuta, nikaipeleka kwenye shafti kwa mikono yote miwili. Ikaingia. Ilipita laini kama pete kwenye kidole chenye sabuni, ikafika kwenye bega la shafti, pale inapopaswa kuishia, ikagota. Fundi akainama, akatazama pembeni, akaenda kunawa.

Baba mdogo akasogea.

"Imeingia kweli?"

"Imeingia."

"Imefika mwisho?"

"Imefika. Usiiguse, ni ya moto."

Akanitazama, akaitazama beringi, akanyoosha kidole, akaigusa.